Nyumba ya Mzee Kule Gusii: Tupige Hesabu Kabla ya Kubomoa

Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ipite mwaka 2024, mazungumzo ya makazi nchini yamekuwa ya majengo mapya. Mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Nyumba zilizokwisha kusimama hazina msemaji. Mfano uko Kisii na Nyamira, na sisi wa Pwani tuna la kujifunza kwao.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Ardhi ni finyu, na kila kizazi kinagawana vipande vidogo zaidi. Katika maboma mengi bado imebaki nyumba ya mzee: kuta za udongo au matofali ya kuchoma, na mabati yaliyoshika kutu. Wapo watoto walioko Nairobi, Mombasa au ng'ambo wanaoiona aibu. Wanataka ivunjwe, ijengwe nyingine ya zege.

Hapo ndipo hesabu hukosewa. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake si kama wetu. Ukuta mnene wa udongo hunyonya joto mchana na kulitoa polepole usiku. Tatizo kubwa la nyumba ile ni paa: bati tupu hupoteza joto mara jua likizama. Dawa yake ni dari, si nyundo. Wazee wetu wa Lamu na Mombasa waliujua ukuta mnene vilevile, ila wao waliutumia kuzuia joto lisiingie, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Leo tunajenga kuta nyembamba chini ya bati, kisha tunalalamikia bili ya feni.

Tahadhari moja: anayeziba mianya ya paa ahakikishe kwanza jiko la kuni au makaa limetoka ndani, au lina dohani. Moshi uliokosa njia huua.

Tena, nyumba ya zamani ilishalipiwa nishati yake. Kuni zilizochoma tofali lile zilikwisha miaka mingi iliyopita. Kujenga upya ni kununua saruji, chuma na usafiri wa milimani, na viwanda vya saruji peke yake hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani.

Sisemi kila nyumba iokolewe. Msingi ukizama au ukuta ukipasuka toka juu hadi chini, uhai wa watu kwanza. Lakini fundi aitwe atazame kabla ya tingatinga.

Thamani nayo ina fundo lake: mirathi. Hati ikiwa bado kwa jina la babu, benki haitaikubali kama dhamana, na ndugu anayetia pesa zake kwenye ukarabati hana kinga wakigombana kesho. Kwa hivyo familia imalize urithi, mahakamani au kwa Kadhi kwa sisi Waislamu, na iandikiane nani atakaa na nani atafidiwa. Hapo ndipo dari na rangi zitakuwa na maana.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujavunja cha mzee, uliza kitakugharimu kiasi gani kukirudisha.