Kona za Mitaa Zisigeuzwe Maegesho

Yapo mambo ya mjini ambayo kwa kuyazoea tumeyaona kuwa ya kawaida, ilhali kila siku yanahatarisha maisha ya watu. Mojawapo ni desturi ya kuegesha magari kwenye kona za barabara za mitaa tunamoishi, pale hasa mtaa mmoja unapokutana na mwingine. Mtu akipita Sinza, Kijitonyama, Magomeni au Temeke wakati wa jioni atajionea mwenyewe: kona ya kwanza limesimama gari dogo, ya pili zimepangwa pikipiki za abiria, ya tatu lori linashusha kreti za soda, na ya nne imezibwa na banda la chipsi. Dereva anayetaka kutoka mtaani hana njia ya kujua kinachomjia isipokuwa kuisogeza pua ya gari lake barabarani na kumwomba Mungu.

Wako watakaosema kwamba hili ni jambo dogo, na kwamba Jiji la Dar es Salaam lina matatizo makubwa zaidi. Sisi hatukubaliani nao, na sababu zetu ni za hesabu tu.

Katika nchi yetu magari hupita kushoto, kwa hiyo gari la kwanza kumfikia dereva anayetoka mtaani ni lile linalotoka kuliani kwake. Gari likiegeshwa upande huo mita 2 au 3 kutoka kwenye kona, humficha kabisa yule anayekuja. Tena dereva hukaa kiasi cha mita 2 nyuma ya pua ya gari lake. Hata awe mwangalifu namna gani, macho yake huifikia barabara baada ya boneti yake kuwa imekwisha ingia humo.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaruhusu mwendo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Huo ni mwendo wa karibu mita 14 kwa kila sekunde. Dereva akitumia sekunde moja kutambua hatari, kisha akafunga breki kwenye lami kavu, gari lake litasimama baada ya mita zipatazo 28. Basi mtoto akijitokeza nyuma ya gari lililoegeshwa, na dereva huyo akamwona akiwa mita 10 mbele yake, mtoto atagongwa na mtu ambaye kipimo cha mwendo hakuvunja. Kwa mwendo wa kilomita 30, gari husimama baada ya mita kama 13, na pigo, likitokea, huwa la gari lililokwisha punguza nguvu zake. Tukumbuke pia kwamba mtoto wa miaka 7 ana kimo cha mita 1.2 hivi. Gari dogo la kawaida linamfunika mpaka utosini, sembuse Noah au lori. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 ulimwenguni. Hao ndio wanafunzi na vijana wetu.

Tumefikaje hapa? Viwanja vya Sinza na Kijitonyama vilipimwa katika mradi wa viwanja na huduma ulioanza mwaka 1974, wakati ambapo familia yenye gari ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Leo ua wa nyumba umekuwa safu ya fremu za maduka, na gari lililokuwa lilale uani limesukumwa barabarani. Kona nayo ina thamani yake ya pekee. Mwenye duka huipenda kwa kuwa wateja humfikia kutoka njia mbili, na kijiwe cha bodaboda huwekwa hapo kwa sababu hiyo hiyo. Kwa ufupi, mahali panapofaa zaidi kwa biashara ndipo panapohitaji zaidi kuachwa wazi. Anayetaka kuliondoa tatizo hili kwa matangazo ya kipaza sauti peke yake hajalitambua.

Nchi nyingine zimekwisha kata shauri. Kanuni za barabarani za Uingereza, ambako pia magari hupita kushoto, zinawataka madereva wasiegeshe ndani ya mita 10 kutoka kwenye makutano. Ujerumani imeweka mita 5. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2023 ya kukataza maegesho katika mita zipatazo 6 kabla ya kivuko cha waendao kwa miguu. Mji mdogo wa Hoboken, huko New Jersey, ulizifungua kona zake kwa kuweka nguzo na vizuizi, na kuanzia mwaka 2017 ilipita miaka 7 bila mtu kufa katika ajali kwenye mitaa yake. Hatusemi kwamba ni kona peke yake zilizoleta neema hiyo, maana mji huo ulipunguza na mwendo wa magari pia. Lakini kona zilikuwa sehemu ya kazi hiyo.

Twajua malalamiko yatakayotolewa. Gari dogo lina urefu wa mita 4 na nusu hivi; kuacha mita 10 kila upande wa kona ni kupoteza nafasi ya magari mawili. Hasara hiyo ipo, nasi hatuifichi. Mama lishe na vijana wa bodaboda nao wana haki ya kula, na kuwahamishia mita 15 ndani ya mtaa si sawa na kuwafukuza. Kazi hiyo waifanye viongozi wa serikali za mitaa, wanaowajua kwa majina, wala isiwe ya mgambo wenye virungu.

Lipo jingine ambalo wananchi wanaliogopa, na wana haki ya kuliogopa: kwamba amri ya namna hii itakuwa mtego wa faini na wa kuvutiwa magari usiku. Kwa hiyo alama itangulie adhabu. Mwenye gari asitozwe senti mahali ambapo hapajapakwa rangi wala kusimikwa nguzo. Wenye nyumba za kona nao wasisahauliwe, kwani ukuta mrefu au michongoma isiyokatwa huziba macho ya dereva vile vile kama lori. Halmashauri zinazotoa vibali vya ujenzi ziagize pembe ya ukuta ikatwe mshazari.

Jiji hili halihitaji kwenda ng'ambo kujifunza kwamba kazi ndogo huokoa watoto. Mpango wa SARSAI, uliofanya barabara za kwenda shuleni kuwa salama kwa njia za miguu, matuta na alama, ulianzia hapa Dar es Salaam, na mwaka 2019 ulipata tuzo ya kwanza ya miji ya Taasisi ya Rasilimali Duniani. Tunashauri TARURA na halmashauri waanze na kona zilizo jirani na shule za msingi, rangi na nguzo ziwe tayari kabla ya watoto wa darasa la kwanza kuanza masomo mwezi Januari.