Hisa nzuri, hesabu gizani

Kikundi cha vicoba kinapokutana kijijini Kikwe, Meru, sanduku halifunguliwi mpaka wenye funguo wote watatu wawe wamefika. Fedha zinamwagwa mezani, zinahesabiwa kwa sauti, na kila mwanachama anaondoka na salio kichwani. Hakuna anayenuna kwamba kufuli tatu ni kumwita mweka hazina mwizi. Mwanachama huyohuyo leo anaweza kununua hisa za benki kwa simu, kupitia Hisa Kiganjani, akiwa shambani anasubiri zamu yake ya maji, na hakosi mtu wa kumnong'oneza kuwa uko mfuko fulani unaolipa kuliko vicoba. Hapo ghafla anasahau kufuli zote tatu na kuuliza jambo moja tu: asilimia ngapi? Naona anaanzia mwisho. Kwa mtu anayekabidhi fedha zake achaguliwe hisa na mwingine, uhodari wa kuchagua huja baada ya kujua funguo ziko kwa nani na hesabu zinasomwa lini.

Ushahidi mzito kuliko wote tunao hapahapa nchini. Kampuni ya uwekezaji ya NICOL ilikusanya fedha za Watanzania wa kawaida ili iwawekezee, na mwaka 2008 ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Miongoni mwa mali zake zilikuwa hisa za NMB, benki ambayo mwaka huohuo iliuza hisa kwa umma kwa shilingi 600, na kufikia 2014 bei ilikuwa imepita 2,500. Meneja yeyote wa Wall Street angetembea kifua mbele kwa chaguo kama hilo. Lakini mwaka 2011 Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, iliiondoa NICOL sokoni kwa kutotimiza masharti, likiwemo la kuweka wazi taarifa zake za fedha, na haikurudi hadi 2018. Miaka yote hiyo mwenye hisa za NICOL aliiona NMB ikipanda huku yeye akishika hati isiyo na soko la kuiuzia. Ada za watoto hazikumngoja.

Atatokea wa kusema kwamba basi aliyemuumiza mwanahisa ni CMSA, si kampuni. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Kufungia hisa ni adhabu inayoanzia kwa mwenye mali, naye hakuwa ameficha kitabu chochote. Haki ingekuwa kuwabana wakurugenzi mifukoni mwao na kuwatoa kwenye viti, huku wanahisa wakiachiwa dirisha la kuuzia. Nusu ya pili siikubali. Kuacha watu wanunue hisa za kampuni ambayo hesabu zake hazionekani ni kuwauzia mbuzi kwenye gunia kwa muhuri wa serikali, na anayenunua leo naye ni mwananchi anayestahili kulindwa.

Zipo pia taarifa za ndani, yaani siri za kampuni ambazo umma haujaambiwa. Watu wa Meru wanaojua mifereji hawahitaji mwanasheria wa kuwaeleza: mwenye shamba la juu akifungua maji usiku, nje ya zamu, wa chini ataamkia mfereji mkavu, hata kama hakuna ndoo iliyoibwa. Sheria yetu ya masoko ya mitaji ya 1994 inakataza kununua au kuuza hisa kwa siri za kampuni. Huko New York, mwaka 2011 Raj Rajaratnam wa mfuko wa Galleon alihukumiwa kifungo cha miaka 11 kwa kosa hilo. Nchini Kenya, kabla ya tangazo la Oktoba 2018 kwamba kampuni ya Rubis ya Ufaransa inainunua kampuni ya mafuta ya KenolKobil, hisa za KenolKobil zilinunuliwa kwa wingi wa kutia shaka, na mamlaka ya nchi hiyo ikazuia akaunti zilizohusika. Wapo wanaosema soko letu ni dogo, wote wanajuana, siri haiwezi kuzuilika. Udogo huo ndio unaonitia wasiwasi. Penye biashara chache kwa siku, mnunuzi mmoja mwenye siri anatosha kuisukuma bei. Ila pia ni rahisi kumfuata, maana kila hisa iko kwenye akaunti yenye jina.

Hoja ngumu zaidi ni ya mifuko binafsi, jamaa wa zile hedge fund za Marekani: kwamba wateja wake ni watu wazima wenye fedha, waachwe wabebe hatari zao. Mifuko binafsi ya Cytonn, Kenya, iliyokuwa nje ya usimamizi wa mamlaka ya masoko, ilivuta watu wapatao 4,000 kwa ahadi ya faida ya hadi asilimia 18 kwa mwaka, na fedha zao zikaingia kwenye majengo. Walipotaka chao, majengo hayakugeuka noti. Zaidi ya shilingi bilioni 13 za Kenya zilikwama, na Januari 2023 Mahakama Kuu ikaamuru mifuko hiyo ifilisiwe. Nakiri kwamba leseni peke yake si kinga: meneja wa fedha wa Marekani, Bernard Madoff, alisajiliwa na kukaguliwa kabla ya kuanguka mwaka 2008, lakini fedha, hati na hesabu za wateja vilikaa kwake mwenyewe. Leseni pia haizuii hasara. Vodacom iliuza hisa kwa 850 mwaka 2017, kisha kwa muda mrefu zikawa chini ya bei hiyo. Tofauti ni kwamba mwanahisa wa Vodacom aliiona bei kila siku na kuzisoma hesabu kila mwaka, na aliyetaka kuondoka alikuwa na soko la kuondokea.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, atakayekufuata na mfuko wake mwombe leseni ya CMSA uihakikishe mwenyewe, akutajie benki inayotunza fedha mbali na meneja, na akuoneshe hesabu za mwisho zilizokaguliwa. Akianza kukujibu kwa asilimia, rudisha simu mfukoni.