Pua ipo, harufu imekwenda wapi?

NENO LA JUMATANO
Na Mwanaidi Shekue

Mtu akiondolewa kisanduku cha sauti kwa ajili ya saratani, kila anayekuja kumpa pole huililia sauti. Watoto wanauliza baba ataongeaje. Majirani wanauliza ataitaje mtu akizidiwa usiku. Hospitali nayo, ikijaliwa kuwa na mtaalamu, humfundisha kusema upya: kwa kutumia umio, kwa kifaa cha umeme kinachobanwa shingoni, au kwa kidude kinachopachikwa kati ya bomba la hewa na umio. Yote ni mema. Ila katika pole zote nilizowahi kuhudhuria, hakuna aliyeuliza mgonjwa atanusaje.

Na hanusi. Pua haijaugua, haijakatwa, na mishipa yake ya fahamu ingali palepale juu. Kilichobadilika ni njia ya hewa. Daktari wa upasuaji Theodor Billroth aliondoa zoloto zima, yaani kisanduku hicho cha sauti, la mgonjwa wake mjini Vienna, tarehe 31 Desemba 1873. Siku hizi upasuaji huo huishia hivi: bomba la hewa hushonwa kwenye ngozi ya shingo, na mtu hupumulia tundu hilo maisha yake yote. Hewa haipandi tena puani, kwa hiyo harufu haina wa kuibeba.

Mjomba wangu mmoja alifanyiwa upasuaji huo. Siku moja nilimpelekea chai ya maziwa niliyoitia hiliki na tangawizi bila uchoyo. Alikaa akiitazama mpaka ipoe, maana hawezi kuipuliza. Pumzi yake inatokea shingoni, haifiki mdomoni. Kwa sababu hiyohiyo hawezi kupenga kamasi, akipata mafua anashinda na leso mkononi. Alipokunywa mafunda mawili nikamuuliza, “Mjomba, hiliki imekolea?” Akavuta daftari lake la shule akaandika: “Moto. Tamu. Basi.”

Daktari asingeweza kueleza vizuri zaidi ya hapo. Ulimi unajua utamu, chumvi, ukali wa ndimu, uchungu, na ule utamu wa supu iliyochemka sana. Hiliki si kazi ya ulimi, wala karafuu, wala moshi wa samaki wa kubanika. Hizo tunazila kwa pua. Mwondolee mtu harufu, pilau inabaki kuwa wali wenye chumvi na mafuta, naye atakula kwa sababu saa ya kula imefika. Wapishi wake watanung'unika kwamba siku hizi mzee hasifii chakula.

Hayo ni ya mezani. Jikoni kuna hatari kubwa zaidi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati hiyo ifikapo 2034, na kwa nyumba nyingi maana yake ni mtungi wa gesi. Gesi hiyo kwa asili haina harufu ya kumshtua mtu. Viwandani hutiwa kemikali yenye uvundo makusudi, ili ikivuja tuinuse kabla hatujawasha kiberiti. Mjomba wangu anaishi na mtungi ndani, na uvundo ule kwake haupo. Hajui maziwa yamechacha mpaka yafike ulimini. Na jambo ambalo wanaume hawalisemi: hajui kama ananuka jasho, basi anaoga mara tatu kwa siku na kujimwagia marashi mpaka wajukuu wanakimbia.

Kinachonikera ni kwamba dawa ipo, na haiuzwi. Mwaka 2000, Frans Hilgers na wenzake wa Taasisi ya Saratani ya Uholanzi, mjini Amsterdam, walichapisha zoezi waliloliita miayo ya adabu. Sisi tunaijua: ndiyo miayo ya mbele ya wakwe. Midomo unaifumba kabisa, taya unalishusha, na ulimi pamoja na sakafu ya kinywa unavishusha chini navyo. Nafasi ya ndani inatanuka, na kwa kuwa mdomo umefungwa, hewa haina budi kuingia puani. Rudia haraka haraka, kinywa kikifanya kazi ya pampu. Katika utafiti wao, karibu nusu ya watu waliokuwa hawanusi kabisa walianza kunusa baada ya somo moja la nusu saa.

Si kila mtu atafanikiwa, na wengine watahitaji masomo zaidi ya moja. Lakini nusu saa! Bila mashine, bila kidonge, bila kuagiza kitu ng'ambo. Kuanzia Billroth mpaka hapo ilipita miaka zaidi ya 120, na hapa kwetu mjomba wangu aliruhusiwa kwenda nyumbani bila kusikia hata neno moja juu ya pua yake. Najua madaktari wetu wa pua, masikio na koo ni wachache, na wagonjwa wengi huwafikia ugonjwa ukiwa umeshaenea. Uhai kwanza, sibishi. Ila uhai ukishaokolewa, mtu anarudi kuishi jikoni, chumbani na kwa watu.

Kwa hiyo, wewe mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani: hamishia mtungi nje leo, na maziwa yake uyanuse wewe kabla hujampa. Siku ya kliniki, kidonda kikiwa kimepona, mwombe daktari au mtaalamu wa usemi amfundishe zoezi la kunusa, na usitoke mpaka akujibu. Nanyi wakuu wa idara za koo, liandikeni zoezi hili kwenye karatasi ya ruhusa, mstari mmoja tu chini ya tarehe ya kurudi.