Haki ya Kumchagua Wakili Isiwe ya Wenye Pesa Peke Yao



Katiba tuliyoipitisha katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 inasema kwamba kila mshtakiwa ana haki ya kumchagua wakili na kuwakilishwa naye, tena aelezwe haki hiyo bila kukawia. Maneno hayo yamo katika Ibara ya 50, na yamegharimu jasho na damu ya wengi. Lakini sisi tunaofanya kazi ya uwakili hatuna budi kuuliza: haki ya kuchagua ina maana gani kwa mtu asiyejua amchague nani, au asiye na kitu mfukoni? Na yule wakili kijana aliyeapishwa juzi, anayekabidhiwa uhai wa mtu leo, amefundishwa kazi na nani?

Maswali haya mawili kwa hakika ni swali moja. Mwananchi aliyeshtakiwa anatafuta wakili mwenye uzoefu. Wakili kijana anautafuta uzoefu wenyewe. Mkongwe wa taaluma ndiye awezaye kuwafaa wote wawili kwa pamoja, naye akijifungia na wateja matajiri, mwananchi hufungwa na kijana huzoea kushindwa.

Historia imetufundisha jambo hili kwa ukali. Mwaka wa 1986, wakati wa msako wa Mwakenya, Wakenya wengi walitolewa katika vyumba vya chini vya Jumba la Nyayo jijini Nairobi, wakafikishwa mbele ya hakimu bila wakili, wakakiri mashtaka, wakafungwa. Hapakuwa na mtu wa kuinuka na kuuliza: huyu amewekwa wapi tangu akamatwe, na alama hizi za mwilini zimetoka wapi? Na wakili Gibson Kamau Kuria alipotoa ilani ya kuishtaki serikali kwa niaba ya wateja walioteswa, naye akawekwa kizuizini, Februari 1987. Utawala wa chama kimoja ulielewa vyema kwamba njia fupi ya kumfunga asiye na hatia ni kumwondolea mtetezi.

Tuirudie pia kesi ya Kapenguria, iliyoanza mwishoni mwa 1952. Jomo Kenyatta na wenzake watano walitetewa na D. N. Pritt, wakili mashuhuri kutoka Uingereza. Kando yake waliketi mawakili vijana wa humu nchini, miongoni mwao Achhroo Kapila na Fitz de Souza. Hukumu ya tarehe 8 Aprili 1953 iliwaangukia washtakiwa, kwani mizani ilikuwa imekwisha kuinamishwa. Hata hivyo, vijana wale walimwona mkongwe akiuchambua ushahidi siku baada ya siku mbele ya hakimu asiyetaka kusikia. Kapila baadaye alisifika kuwa miongoni mwa mawakili hodari wa kesi za jinai nchini, na de Souza akawa Naibu wa Spika wa Bunge. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Uwakili wa jinai hurithishwa hivyo, kortini, kwa kutazama.

Je, leo tunaurithisha? Safari ya kuwa wakili ni ndefu. Kijana husoma shahada ya sheria kwa miaka minne, huingia Shule ya Sheria ya Kenya, hufanya mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, na hukaa miezi sita akiwa mwanagenzi katika ofisi ya wakili. Ndipo huapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina lake kuandikwa katika Orodha ya Mawakili. Hata hapo, Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, haimruhusu kujitegemea mpaka afanye kazi ya kuajiriwa kwa miaka miwili, ama katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu au taasisi iliyoidhinishwa, ama kwa wakili aliyejitegemea kwa miaka isiyopungua mitano. Waliotunga kanuni hiyo walikusudia mema. Lakini miaka hiyo miwili aghalabu hupita kijana akiandika mikataba ya kuuza viwanja, akipeleka hati masjala, na akitumwa kortini kuomba kesi iahirishwe. Anaweza kuimaliza bila kumhoji shahidi hata mmoja.

Kisha siku moja mahakama humpa kijana huyo huyo kesi ya mauaji ya mshtakiwa asiyeweza kumlipa wakili. Serikali humlipa ujira mdogo. Mkongwe wa kumwongoza hayupo. Huku ni kujifunza kunyoa kwenye kichwa cha maskini! Tena huyo wa mauaji ana nafuu. Aliyeshtakiwa kwa wizi wa mabavu chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, kosa ambalo kitabu cha sheria kinalitaja kwa adhabu ya kifo, hupelekwa mbele ya hakimu, na mara nyingi husimama kizimbani peke yake, akiwahoji mashahidi kwa lugha ambayo hata yeye haimtoshi.

Mtu atauliza: uzoefu ni kitu gani hasa? Si mvi, wala si suti, wala si Kiingereza cha kutisha. Uzoefu ni kujua kwamba mtuhumiwa lazima afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, ila saa hizo zikiishia nje ya muda wa kazi wa mahakama au siku isiyo ya kazi, na kufika kituoni kabla hajaandikishwa maneno asiyoyaelewa. Ni kukumbuka Ibara ya 49, kwamba mtu hawekwi rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Ni kudai maelezo ya mashahidi mapema. Ni kuomba kitabu cha matukio cha polisi na kusoma ripoti ya kwanza kabisa: je, mlalamishi alimtaja mshtakiwa usiku ule, au jina lilizuka baada ya wiki mbili? Na shahidi akidai alimtambua mtu usiku, wakili mzoefu huuliza taa ilikuwa ya aina gani, ilikuwa umbali gani, na iliwaka kwa muda gani. Mahakama ya Rufani ilisisitiza mwaka wa 1986 kwamba maswali hayo hayana budi kuulizwa. Kesi nyingi za wizi wa mabavu husimama au huanguka hapo, na yasipoulizwa, mtu huozea gerezani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku utakapomtafutia mtu wako wakili, tunakushauri haya.

Kwanza, hakikisha ni wakili kweli. Kila wakili huchukua cheti cha kazi kila mwaka, na Chama cha Mawakili, LSK, hukuwezesha kulitafuta jina lake. Mwaka wa 2023 nchi nzima ilizungumza juu ya mtu aliyedaiwa kutumia jina la wakili mwingine, kwa hiyo usione haya kuuliza. Pili, uliza ni kesi ngapi za jinai alizoziendesha hadi hukumu. Bingwa wa mashamba si lazima awe bingwa wa kizimbani. Tatu, nenda ukamtazame akifanya kazi. Mahakama zetu ziko wazi kwa umma, na saa moja ukiwa umeketi kwenye benchi la nyuma itakufunza kuliko sifa za jirani. Nne, uliza ni nani hasa atakayesimama siku ya kesi, yeye au msaidizi wake, na malipo yaandikwe, nawe upewe risiti. Tano, mkimbie anayekuahidi ushindi. Anayekunong'oneza kwamba "ataongea na hakimu" hauzi utetezi, anauza hongo. Na madalali wanaozurura nje ya korokoroni wakitafutia watu mawakili, waepuke kama ukoma.

Kwenu mawakili vijana tunasema: msiidharau kazi hii kwa sababu haina mali ya haraka. Mnamo Juni na Julai 2024, vijana waliokamatwa katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha walipojazwa vituoni, mawakili walijitolea bila malipo kuwatafuta na kuwatetea. Mwaka wa 2025 baadhi ya waandamanaji walifunguliwa mashtaka ya ugaidi, mashtaka mazito yasiyotaka wakili wa kubahatisha. Wala hatuwafichi kwamba kazi hii ina hatari. Willie Kimani alitekwa Juni 2016 alipotoka katika mahakama ya Mavoko, akauawa pamoja na mteja wake na dereva wao wa teksi. Waliohukumiwa kwa mauaji hayo, mwaka wa 2022, ni maafisa watatu wa polisi na mpasha habari wao. Mteja wake alikuwa mwananchi wa kawaida aliyemlalamikia askari. Mtetezi wa mtu wa namna hiyo ndiye anayeogopwa na watesi, na ndiye tunayemhitaji.

Kwenu wakongwe wenzetu tunasema kwa heshima: msiingie kortini peke yenu. Kila kesi nzito mnayoichukua, kijana na aketi kando yenu, asome faili, amhoji shahidi mmoja mbele ya macho yenu. Nanyi mchukue kila mwaka angalau kesi moja ya asiyejiweza, ili maskini naye apate mkono uliokomaa.

Na kwa serikali madai yetu ni matatu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ipewe fedha za kutosha, ili Huduma iliyoundwa nayo ionekane penye kila mahakama. Mshtakiwa wa wizi wa mabavu asihukumiwe bila wakili, kama vile wa mauaji asivyohukumiwa bila wakili. Na wakili kijana anayepewa kesi ya uhai wa mtu awekewe mkongwe wa kumwongoza, wote wawili walipwe kwa haki na kwa wakati.

Wako watakaosema kwamba haya ni kuwapendelea wahalifu. La hasha! Ibara ya 50 inamwita mshtakiwa mtu asiye na hatia mpaka ithibitishwe. Leo ni mtoto wa jirani aliyeokotwa katika msako, kesho ni wako. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Tulipodai vyama vingi tulidai pia kwamba mwananchi asisimame peke yake mbele ya dola, na dai hilo halijatimizwa maadamu yupo mtu kizimbani anayetazama huku na huku akimtafuta wa kumsemea.