Asilimia 100 ya nani? Mashule yetu yatangaze hesabu yote

Kila mara matokeo ya Exetat yanapotoka, mji unageuka mweupe kwa poda. Pikipiki zinapiga honi, wamama wanacheza barabarani. Siku hiyo hiyo mashule yanaanza kutoa matangazo: "Kwetu, asilimia 100!" Furaha ile hatuipingi. Mtoto aliyepata diploma ya serikali ndani ya vita hii anastahili ngoma. Lakini ile asilimia 100 ya shule tunaiuliza: ni mia ya nani?

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme shule ya kwanza iliandikisha watoto 60 ndani ya darasa la mwisho, mwezi wa 9. Katikati ya mwaka, 22 wanapotea. Wengine wamefukuzwa juu ya minervali. Wengine wameambiwa: "Wewe ni mzito, utatuharibia jina, tafuta shule ingine." Wengine ni wahami, dosiye zao hazikukamilika, hakuna aliyezifuata. Wanabaki 38, wote wanafaulu. Shule inatangaza asilimia 100.

Shule ya pili nayo iliandikisha 60. Ilipeleka 57 kwenye mtihani, 45 wakafaulu. Inatangaza asilimia 79 na watu wanaicheka. Sasa, ni shule gani iliyotoa diploma nyingi? Ni hii inayochekwa: 45 kwa 38. Ile ya kwanza ilishinda kwa kupunguza watoto.

Na mtoto wa kwanza kupunguzwa ni mhami. Exetat siyo jambo la siku moja. Mbele ya zile siku nne ambazo kila mtu anazijua, kuna mitihani ya kwanza: insha, Kifaransa cha mdomo, na mazoezi kwa wale wa ufundi. Familia iliyokimbia risasi wakati ule inafika mjini huku sehemu moja ya mtihani imekwisha kupita. Wakati wa kuandikisha wafinalisti nao haungojei mtu. Mtoto aliyesoma miaka yote anaambiwa arudie mwaka. Wazazi hawana pesa ya kurudia. Kesho tunamuona sokoni anasukuma chukudu, na hakuna tangazo linalomtaja.

Mafundi wa asilimia watajibu. Watasema: "Tukimpokea mtoto asiye na buletini, inspekta atatuuliza." Sawa, ni vizuri inspekta aulize. Lakini mtoto anaweza kupewa jaribio siku mbili akawekwa ndani ya darasa linalomfaa, huku karatasi zake zikitafutwa. Buletini zetu zina nafasi ya namba ya kudumu ya mwanafunzi. Namba hiyo iliwekwa imfuate mtoto popote anapokwenda. Na waalimu na wakurugenzi wa vijiji vilivyohama wamekimbilia hapa hapa na wahami wengine. Anayetaka kuwapata atawapata.

Watasema tena: "Shule inaishi kwa pesa ya wazazi." Kwa shule ya msingi, neno hilo halina nafasi. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure ndani ya mashule ya serikali, na tangu mwezi wa 9 mwaka wa 2019 serikali ilitangaza kutekeleza hilo. Shule za serikali zinazoongozwa na makanisa nazo zimo. Anayemuomba mama mhami pesa ya kuandikisha mtoto wa darasa la tatu, hata akiipa jina lingine, anavunja sheria. Kwa sekondari, ndiyo, wazazi bado wanalipa. Lakini kuna tofauti kati ya kumdai mzazi na kumfukuza mtoto wiki ya mtihani.

Hatuwalaumu waalimu. Kuna wengi, wale tunaowaita NU, wanaofundisha bila mshahara wa serikali. Kuna mashule yaliyokubali zamu mbili, asubuhi na mchana, ili wahami wapate mahali pa kukaa. Hayo ndiyo yanastahili kutangazwa kwa sauti kubwa, hata kama asilimia yao ni 60.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja, na halihitaji dola hata moja. Kila shule inayotaka kujisifu itoe hesabu tatu pamoja: wangapi waliandikishwa mwanzo wa mwaka, wangapi waliingia kwenye mtihani, wangapi walifaulu. Na ionyeshe ndani yao wahami ni wangapi. Kamati za wazazi, yaani COPA, ziombe hesabu hizo ndani ya mkutano mkubwa, zisomwe mbele ya watu wote. Viongozi wa masomo nao wakitoa zawadi kwa shule bora, waangalie hesabu ya kwanza mbele ya ile ya mwisho.

Na ninyi wazazi wahami, msikae nyuma ya ukumbi kama wageni. Mtoto wako akiandikishwa, wewe ni mzazi wa shule ile, una haki ya kuuliza. Buletini iliyobaki, ipige picha, ibaki ndani ya simu ya mtu unayemuamini. Shule ikikataa mtoto wako, uliza sababu, omba iandikwe kwenye karatasi. Mkataaji anayeombwa kuandika mara nyingi hukumbuka kwamba nafasi ipo.