Matobolwa ya Mbwa na Maneno ya Watu

Waambie watu umechemsha kiazi kitamu kwa ajili ya mbwa, uone maneno yanavyomiminika. Nusu yao watasema unamtesa mnyama. Nusu nyingine watakuambia hiyo ni dawa ya kila kitu, kuanzia minyoo hadi meno. Wote husema kwa uhakika uleule, na nimechoka kuwaitikia kwa kichwa. Acha niwajibu.

Wa kwanza husema mbwa ni mla nyama, mboga haimhusu. Mara nyingi msemaji mwenyewe ana mbwa getini anayekula ugali wa dona na vichwa vya dagaa Januari hadi Desemba, na nyama huisikia harufu tu siku ya sikukuu. Ni kweli meno ya mbwa ni ya mwindaji. Tumbo lake, hata hivyo, limeishi na binadamu siku nyingi mpaka likazoea chungu chetu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walichapisha matokeo ya kulinganisha jeni za mbwa wa kufugwa na za mbwa mwitu wa nchi za baridi. Mbwa mwitu walikuwa na nakala 2 za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga. Mbwa wa kufugwa walikuwa nazo kati ya 4 na 30. Huyo wa getini kwako anakula ugali kwa sababu mwili wake unaujua.

Kuna pia wanaosema vitafunio vya mboga kwa mbwa ni mtindo mpya wa wenye pesa. Karibu mwaka 1860, Mmarekani aitwaye James Spratt alianza kuuza biskuti za mbwa jijini London, na humo mlikuwa na ngano, bitiruti, mboga nyingine na nyama ya ng'ombe iliyokaushwa. Mfanyakazi wake mmoja, Charles Cruft, ndiye baadaye aliyeanzisha maonyesho ya mbwa yanayobeba jina lake hadi leo. Kwa hiyo mtindo huu una umri mkubwa kuliko reli ya kati ya Tanzania.

Sasa wapo wanaokimbilia upande wa pili: kama mboga anaiweza, basi nimpe mboga tupu, nyama imepanda bei. Hapana. Kitafunwa kinabaki kitafunwa. Kipimo kinachotumiwa na madaktari wa mifugo ni kwamba vitafunio visizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya mbwa kwa siku. Mbwa wa kilo 20 anahitaji kama kilokalori 1,000, kwa hiyo za vitafunio ni 100 tu. Hizo ni gramu 120 hivi za kiazi kitamu kilichochemshwa, au robo kilo ya karoti. Kijiko kimoja cha chakula cha siagi ya karanga kinakaribia kuzimaliza zote, na watu huichota kwa mwiko.

Neno linalonitia hofu kuliko yote ni hili: cha nyumbani ni salama kwa sababu unajua ulichoweka. Unajua ulichoweka, sawa, lakini je, unajua kinamfanya nini mbwa? Jikoni kwetu sufuria haiendi motoni bila kitunguu. Kitunguu maji, kitunguu saumu, majani yake, unga wake, vyote huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kuchemsha au kukaanga hakuondoi sumu hiyo. Mbwa wa kilo 10 anaweza kudhurika kwa gramu 150, yaani kitunguu kimoja kikubwa, na kidogokidogo cha kila siku nacho hujumlishika. Ubaya wake ni kwamba dalili huchelewa. Siku kadhaa baadaye fizi zinapauka, mkojo unakuwa na rangi ya chai ya rangi, mbwa anahema ilhali amelala. Wakati huo mwenye mbwa ameshasahau ule ukoko wa pilau aliomkwangulia, na anahisi jirani kamwekea mbwa sumu. Vidonge vya supu na viungo vya pakiti vihesabu humohumo, maana vingi vina unga wa kitunguu, mbali na chumvi.

Wengine humpa saumu makusudi, eti kupe wamkimbie. Kupe hawaendi popote. Halafu kupe hao hao huleta babesia, ugonjwa unaovunja chembe nyekundu za damu, kwa hiyo anayemlisha mbwa saumu anamsaidia kupe kazi yake. Dawa ya kupe ipo kwa daktari wa mifugo, na inauzwa kwa uzito wa mbwa.

Orodha ya visivyofaa haiishii kwenye kitunguu. Zabibu, mbichi na kavu, zinajulikana kwa kuharibu figo za mbwa, na miaka ya karibuni wataalamu wameinyooshea kidole asidi ya tatari iliyomo ndani yake. Asidi hiyo imejaa kwenye ukwaju, na mbwa waliokula ukwaju wameripotiwa kuugua figo vilevile. Sisi tunaoweka ukwaju kwenye kachori, mbatata na maji ya kunywa tuna sababu ya kulichunga bakuli la mbwa kuliko Mzungu anayeogopa zabibu peke yake. Makadamia, ambazo Murang'a na Embu zimejaa tele, humlegeza mbwa miguu ya nyuma. Na siagi ya karanga isiyo na sukari isome kopo lake kwanza: ikiwa imetiwa zailitoli, utamu wa kubuni usiomdhuru mtu, kiasi kidogo tu humshusha mbwa sukari ya damu ghafla, na kikizidi humwua ini.

Kisha kuna lile la kusema chochote kilichoharibika ni chakula cha mbwa. Hapa sina upole. Mahindi yakiota ukungu, karanga zikiwa chungu na nyeusi ndani, unga ukitoa harufu ya unyevu, mtu hasemi "tupa", husema "mpe mbwa". Hicho ndicho hugeuzwa uji, kikachanganywa na boga, kikaitwa kitafunwa cha kienyeji. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, na mwaka 2004 sumukuvu ya mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui wakiongoza. Ini la mbwa ni miongoni mwa maini yanayoumia upesi zaidi kwa sumu hiyo. Nchini Marekani, mwishoni mwa 2005 na tena mwishoni mwa 2020, vyakula vya mbwa vya kiwandani viliondolewa madukani kwa sababu yake, baada ya mbwa wengi kufa. Moto wa jikoni hauiondoi. Kupepeta na kuosha hakuihakikishii kutoka. Mbwa anayeanza kukataa chakula, akatapika, macho na fizi zikawa za manjano, ni ini linalolia. Chakula ambacho wewe umekikataa kwa pua usimpe mnyama aliyeshindwa kukuuliza.

Ya meno nitayapitia haraka. Karoti mbichi si mswaki. Inamfurahisha, inampa kazi ya kutafuna, lakini uchafu unaoozesha meno hujificha chini ya ukingo wa fizi, na karoti haifiki huko. Tena mbwa hasagi kama ng'ombe. Humeza vipande, na kesho yake utavikuta kwenye kinyesi vikiwa na rangi yake ileile. Ukitaka apate faida, ipike au ikwangue.

Boga je, si linatibu kuhara? Linasaidia. Nyuzinyuzi zake hufyonza maji utumbo ukilegea na hulainisha choo kikikauka, ndiyo maana vijiko viwili vya boga lililochemshwa bila sukari wala nazi vinaweza kumtuliza mbwa mzima mwenye tumbo lililovurugika kidogo. Lakini mtoto wa mbwa anayeharisha damu, ananuka vibaya, hanywi maji, huyo huenda ana parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa, na kila saa unayomlisha boga ni saa ya dripu iliyopotea. Mbegu za boga nazo zinasifiwa kwa minyoo. Mwenye mbwa anayelala na watoto asitegemee mbegu. Minyoo ya mbwa huingia kwa watoto kupitia mchanga wanaouchezea.

La mwisho ni kwamba kazi ya kutengeneza vitafunio nyumbani ni kubwa na tanuri hatuna. Msukuma akisikia hivyo atacheka. Matobolwa ya Shinyanga na Tabora ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa, na hayo ndiyo mbwa wa Ulaya ananunuliwa kwenye pakiti lenye picha. Chemsha kiazi mpaka kisu kipite bila kulazimisha, kimenye, kikate vipande vya unene wa kidole kidogo, visipungue humo maana vitakuwa kama vioo. Usitie chumvi, mafuta wala sukari. Anika juu ya ungo au wavu, funika kwa chandarua dhidi ya nzi, geuza mchana. Dodoma, jua la kiangazi likiwa kali, siku tatu zinatosha. Pwani hewa ina maji, hapo tumia jiko: sufuria kavu, makaa machache chini na machache zaidi juu ya mfuniko, kama unavyooka mkate wa kumimina, ila moto uwe hafifu na mfuniko uachie mvuke. Kikunje kipande: kikipinda kama ngozi ya kiatu kimekauka, ukiona ute katikati rudisha. Mwanzo mpe kimoja, uangalie tumbo lake siku hiyo. Vilivyobaki weka kwenye friji kama upo Dar au Mombasa, maana kabatini havimalizi wiki. Ukiona doa jeupe au la kijani kwenye kimoja, mwaga mfuko wote, na kuku usiwape.