Saa Moja na Nusu, na Hesabu ya Watazamaji wa Pwani ya Kusini

Toleo hili tumelikusudia maudhui ambayo huenda baadhi ya wasomaji wetu wakayaona mepesi kwa jarida lililojitolea kwa lugha na ada za mwambao: tamthilia za runinga, saa zinazoonyeshwa, na hesabu inayoamua ipi idumu na ipi iondolewe. Sisi hatuyaoni mepesi hata kidogo. Citizen TV ilianza kuonyesha Maria mwaka 2019, ikaifuatisha Zora mwaka 2021 na Sultana mwaka 2022, zote saa moja na nusu usiku, mara baada ya taarifa ya habari ya Kiswahili. Na kwa kazi hizo Rashid Abdalla na mkewe Lulu Hassan, wenye Jiffy Pictures, wameufanya usiku wa Mkenya uwe na miadi ya Kiswahili isiyovunjwa. Kwa Sultana hasa, maisha ya pwani, na leso zake, na salamu zake, na namna yake ya kugombana bila kuacha adabu, yamekaribishwa katika sebule za Nyeri na Kisii pasipo mtu kuyaombea ruhusa. Hilo ni jambo kubwa, na tunalishukuru kwa dhati.

Walakini ni akina nani katika kaunti yetu ya Kwale wanaoweza kuketi kutazama saa hiyo? Katika pwani yetu jua huzama, kwa kutegemea mwezi wa mwaka, baina ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, na Isha hufuata baada ya saa moja na dakika chache. Kwa hiyo, aghalabu ya mwaka, muadhini wa Gazi au wa Msambweni huadhini katika zile zile dakika ambazo tamthilia inafunguliwa. Mwanamume atokaye msikitini hukuta nusu ya kisa imekwisha, na mwanamke aswaliye nyumbani hana budi kuchagua. Katika hoteli za Diani, vijana wa Ukunda na Kinondo ndio kwanza wamevaa sare za kuandikia wageni chakula cha usiku. Kando ya barabara, mama wa viazi karai na wa samaki wa kukaanga yuko katika saa yake ya riziki, wala hawezi kuliacha karai likaungua kwa ajili ya machozi ya mtu wa kwenye kioo. Nao wavuvi wa Shimoni na Vanga, wale watokao usiku, hufuata mwezi na maji, bamvua na maji mafu, na hakuna kituo cha runinga kilichowahi kuitazama kalenda hiyo.

Saa ya onyesho huchaguliwa kwa hesabu ya watazamaji, kwa kuwa mwenye bidhaa hanunui tamthilia bali hununua macho yanayoitazama, na bei ya nusu dakika ya tangazo hupanda na kushuka pamoja na idadi ya macho hayo. Elimu ya hesabu hii si ya jana. Arthur Nielsen wa Chicago aliitengeneza biashara yake ya kupima wasikilizaji wa redio mwaka 1942, kwa chombo kilichofungwa katika redio za nyumba chache zilizochaguliwa, na mwaka 1950 akaihamishia kwenye televisheni. Hapa Kenya kazi hufanywa ama na wahojaji wanaobisha hodi na kuuliza mtu alitazama nini jana, ama kwa maswali yanayopelekwa kwa simu ya mkononi, kama yafanywayo na GeoPoll. Njia zote mbili zina insafu yake kadiri zinavyofika. Lakini katika bara ya Kinango simu ya nyumba aghalabu iko mfukoni mwa mwanamume aliye safarini, ilhali mtazamaji ni mkewe, na mtandao wenyewe huja na kuondoka.

Lipo tatizo jingine ambalo tungependa wataalamu walifikirie kwa utulivu. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa ni asilimia 40.7 tu ya kaya za Kenya zilizokuwa na televisheni inayofanya kazi. Mtu akisoma hivyo akiwa mbali atadhani kwamba zile kaya zilizobaki hazitazami. Aliyeishi kijijini Msambweni anajua vingine: penye king'amuzi kilicholipiwa, mkeka hutandikwa, watoto wa jirani huketi mbele, shangazi hupewa kiti, na wapitao njia husimama dirishani, na kila jioni hujadiliwa, kwa ghadhabu ya kweli, mwenendo wa mume fulani wa kwenye tamthilia kana kwamba ni mume wa mtaa. Watazamaji hawa wote, katika hesabu inayoanzia kwa mwenye chombo, ni nyumba moja. Nayo ripoti inayoichukua Pwani kuwa fungu moja humjumlisha mtu wa Kinango na mtu wa Nyali, ambao hawali pamoja, hawalali saa moja, wala hawapati umeme kwa namna moja.

Kasoro hii hudhihirika zaidi mwezi wa Ramadhani. Magharibi ni futari; kisha Isha, kisha tarawehe, ambayo huwachukua watu hata karibu na saa tatu; na baada ya hapo mji wote u macho, watu wametulia, wameshiba, wana kiu ya hadithi mpaka usiku mkuu. Mjini Cairo watengenezaji wamelijua hili kwa miaka mingi: visa vya sehemu thelathini, moja kwa kila usiku wa mwezi mtukufu, hutungwa mahususi kwa msimu huo, na ndio msimu ambao wenye bidhaa hushindania nafasi kuliko wakati mwingine wowote. Ramadhani kwa Misri ni mavuno ya tamthilia. Kwa kisa cha Waswahili kinachoonyeshwa saa moja na nusu ndio mwezi ambao Waswahili wenyewe wako kwenye safu za swala, na anayesoma jedwali la watazamaji huenda akaamini kwamba watu wa pwani wamekichoka.

Tunaijua hoja itakayotolewa dhidi yetu, na si hoja dhaifu. Nairobi na bara ndiko kuliko na watu wengi na wanunuzi wengi. Kaunti yetu nzima, kwa sensa ile ile, ilikuwa na watu 866,820. Na kituo kisichopata matangazo ya biashara hufungwa, kikafa na tamthilia zake. Yapo pia maneno ya vijana, kwamba aliyekosa usiku atatazama kesho katika simu. Twayakubali ya kwanza kwa sehemu. La pili tunalikataa, kwa sababu intaneti hununuliwa kwa bando, na mama wa karai hanunui bando la kutazamia kisa ambacho jirani yake alikiona bure; tena kutazama peke yako katika kioo cha kiganja, bila shangazi wa kukulaumu kwa kumtetea mhusika mbaya, si utazamaji ule ule. Anayeipoteza ile mikeka hupoteza wasikilizaji wakali zaidi wa Kiswahili alio nao, wale ambao husahihisha neno la mwigizaji papo hapo, kabla hajamaliza sentensi.

Kwa hayo tunadai mambo ambayo hayawezi kumfilisi mtu. Wanaopima watazamaji, pamoja na Mamlaka ya Mawasiliano inayochapisha ripoti za sekta hii, waihesabu Kwale kwa jina lake, na waulize ni watu wangapi waliokuwa mbele ya runinga, si kama runinga iliwashwa. Vituo vipange rudio la saa tatu na nusu au la saa nne usiku kwa visa vya mwambao, na katika Ramadhani rudio hilo liwe ndilo onyesho lenyewe. Watunzi nao wa Diani, Ukunda na Msambweni, ambao baadhi ya maandishi yao msomaji atayakuta katika kurasa zinazofuata, wapewe nafasi ya kuketi na wapangaji wa ratiba kabla ya msimu kuanza, wakiwa na kalenda ya swala na ya bahari mkononi.